Mtu Akiuliza, Ajibiwe: Mwongozo Kamili wa Kujenga Jumuiya ya Mtandaoni ya Klabu Yenu

Mwanachama mpya wa klabu ya watazama ndege anapiga picha ya ndege asiyemjua, anaituma kwenye kundi la klabu saa tatu usiku na kuuliza: "Huyu ni ndege gani?" Hadi asubuhi hakuna aliyejibu. Chini ya swali lake kumejaa salamu, video zilizosambazwa kutoka makundi mengine na tangazo la kitu kinachouzwa. Hatauliza tena. Baada ya miezi miwili atakuwa amezima arifa za kundi, na mwaka ukiisha hatalipa ada.

Klabu nyingi huanzia upande wa programu: ipi nzuri, ipi inabeba watu wengi, nani awe admini. Huko ni kuanza nyumba kwa paa. Jumuiya ya mtandaoni ya watu wenye hobi moja inasimama juu ya uhakika kwamba ukiuliza utajibiwa, na ukionyesha kazi ya mikono yako kuna mtu atakayeitazama kwa makini. Hatua zilizo hapa chini zote zinalinda uhakika huo, na ile ya sita ndiyo ningekusihi uisome mara mbili.

Hatua ya 1: Tafuteni kinachopotea kati ya mkutano na mkutano

Kabla ya kufungua kitu chochote mtandaoni, kaeni watu watano hadi kumi mnaojua klabu vizuri na mjiulize: tangu tuagane kwenye mkutano hadi tukutane tena, ni nini kinachopotea? Kwa wapiga picha, mara nyingi ni picha za matembezi kubaki kwenye simu ya kila mmoja bila wengine kuziona. Kwa wachezaji wa sataranji, ni mchezo uliokuwa mzuri ambao hakuna aliyeuandika wala kuuchambua. Kwa wapenda bustani, ni mbegu za ziada zinazoozea kabatini ilhali mwenzao anazitafuta.

Andikeni yote yanayotajwa, kisha chagueni mawili tu na kuyaweka katika sentensi moja. Kwa mfano: "Hapa wanachama hutambuliana ndege waliowaona na kupanga matembezi." Sentensi hiyo itawasaidia baadaye mtu atakapouliza kama anaweza kutangaza biashara yake au kuleta mjadala wa siasa. Jibu litakuwa limeshaandikwa, na hakuna atakayedhani ni chuki za admini.

Hatua ya 2: Chagueni mahali, mkijua ni nyumba ya kupanga

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni gumzo, kama kundi la WhatsApp au Telegram, ambako ujumbe mpya husukuma wa zamani juu hadi upotee machoni. Ya pili ni jukwaa la mijadala, ambako kila mada ina uzi wake, na swali la mwaka juzi bado lina majibu yake chini yake. Discord, iliyoanza 2015, iko katikati: ni gumzo, lakini lenye vyumba vingi.

Watu hupenda kuuliza kundi linabeba wangapi. WhatsApp huruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja na Telegram hadi 200,000, lakini kwa klabu ya hobi namba hizo hazina uzito. Tatizo huanza mapema zaidi. Wakishakuwa watu arobaini wanaoandika kila siku, hakuna anayeweza kufuata gumzo lote, na swali zuri hufunikwa ndani ya nusu saa.

Hivyo angalieni mambo mengine. Je, wanachama tayari wako wapi? Ukiwapeleka wazee wa klabu kwenye programu ambayo hawajawahi kuifungua, nusu yao hawatafika. Je, anayejiunga leo anaweza kusoma yaliyosemwa mwezi uliopita? Je, kutafuta neno kunafanya kazi? Je, mnaweza kutoa nakala ya kila kitu siku mkitaka kuhama? Je, ni nzito kwa mwenye simu ndogo na data kidogo?

Ushauri wangu kwa klabu yenye wanachama wasiozidi hamsini: anzeni na kundi moja la gumzo mahali walipo tayari, pamoja na folda moja ya mtandaoni ya kuhifadhi yale yanayofaa kubaki. Klabu kubwa zaidi, au yenye maswali mengi ya kiufundi, itanufaika na jukwaa la mijadala. Zipo programu huria kama phpBB na Discourse ambazo mnaweza kuziweka kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayowasha jukwaa mtandaoni muda wote, ikiwa kati yenu yuko mtu mwenye ujuzi na moyo wa kuitunza seva hiyo kwa miaka. Kama hayuko, msijaribu. Na msifungue vyumba kumi siku ya kwanza. Chumba kitupu humwambia anayeingia kwamba hapa hakuna watu. Ongezeni chumba pale tu mada moja inapoanza kuwasumbua wasioihitaji.

Kuhusu nyumba ya kupanga, kumbukeni yaliyoipata Yahoo Groups, huduma ya makundi ya mijadala ya kampuni ya Yahoo. Ilianza 2001, na klabu za kila aina ya hobi duniani ziliweka humo mijadala, picha na mafaili yao. Oktoba 2019 kampuni ilitangaza kwamba yaliyohifadhiwa humo yangefutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Waliokuwa na nakala walihama na mali zao. Wengine walipoteza kumbukumbu za karibu miaka ishirini. Orodha ya wanachama, picha na maarifa ni mali ya klabu. Programu ni mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba.

Hatua ya 3: Funguo zikae kwa zaidi ya mmoja

Wekeni maadmini watatu. Mmoja huchoka au husafiri, na wawili wakigombana hakuna wa kuamua. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe ya klabu, si ya mtu binafsi. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili (kuingia kwa nywila pamoja na uthibitisho wa pili), na nywila zihifadhiwe pamoja na nyaraka za klabu mahali ambapo katibu na mweka hazina wote wanaweza kuzifikia. Nimeshuhudia klabu ikibaki nje ya ukurasa wake yenyewe kwa sababu aliyeufungua alihama na namba yake ya simu ikapotea. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini picha za miaka minne hazikurudi.

Hatua ya 4: Kanuni chache, zitungwe na wanachama wenyewe

Mtaalamu wa sayansi ya siasa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi jinsi wavuvi, wakulima wa umwagiliaji na watumiaji wa misitu wanavyotunza mali ya pamoja bila kuiharibu. Aliona kwamba vikundi vilivyodumu vilishiriki kutunga kanuni zao wenyewe, na adhabu zao zilianza ndogo na kukua kosa likirudiwa. Umakini wa wanachama ni mali ya pamoja vilevile, kwa sababu kila ujumbe usio na maana huula kidogo. Kwa hiyo pelekeni rasimu kwenye mkutano, watu wabishane, kisha mpitishe.

Kanuni sita zinatosha. Hizi mnaweza kuzibadilisha zifae kwenu:

Tunazungumza hobi yetu. Salamu na mengineyo yana mahali pake. Ujumbe uliosambazwa kutoka kwingine hauletwi hapa bila maelezo ya anayeuleta. Kazi ya mtu hukosolewa pale tu anapoandika "naomba maoni". Kununua na kuuziana ni Jumamosi pekee. Picha au namba ya mwanachama haipelekwi nje bila ruhusa yake. Michango ya fedha haiombwi hapa.

Ile ya "naomba maoni" naipenda kuliko zote. Anayeanza kufinyanga au kuchora anapoonyesha kazi yake ya kwanza, mara nyingi anataka tu furaha yake ishuhudiwe. Bingwa akimshukia na makosa saba, hata kama yote ni ya kweli, amemfunga mdomo. Maneno hayo mawili humpa mwenye kazi mamlaka ya kufungua mlango mwenyewe, na akishaufungua, wakosoaji nao wanakuwa huru kusema ukweli bila kuogopa kuumiza.

Kuhusu michango: matapeli hupenda kuiba akaunti ya mtu anayeaminika au kuiga jina na picha ya mweka hazina, kisha wakatuma "namba mpya ya malipo". Amueni tangu mwanzo kwamba namba ya malipo haibadilishwi kwa ujumbe. Hubadilishwa kwenye mkutano, au baada ya mtu kupiga simu na kuisikia sauti anayoifahamu.

Andikeni pia ngazi za adhabu. Kosa la kwanza, ujumbe wa faragha wenye upole. La pili, onyo la wazi. La tatu, kunyamazishwa kwa wiki moja. Baada ya hapo kutolewa, na uamuzi huo usifanywe na admini mmoja peke yake usiku akiwa na hasira.

Hatua ya 5: Lindeni faragha kabla ya kumwalika mtu

Katika makundi ya WhatsApp, kila aliyemo huiona namba ya simu ya mwenzake. Basi usimwingize mtu bila kumwuliza. Tuma kiungo na maelezo mafupi, aingie kwa hiari yake.

Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake vipimo vya GPS vya mahali ilipopigwa. Baadhi ya programu za gumzo huondoa taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili hubaki zilivyo. Kwa mkusanyaji wa sarafu au stempu za thamani, hiyo ni sawa na kumwonyesha mwizi mlango. Kwa watazama ndege, kutaja mahali halisi pa kiota cha ndege adimu kunaweza kumletea ndege huyo wawindaji na umati. Klabu nyingi makini hutaja eneo kwa ujumla tu, na mahali halisi pakaandikwa katika daftari la klabu.

Kama mna wanachama watoto, fahamuni kwamba huduma nyingi za mtandaoni huweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa. Walio chini ya hapo wahudumiwe kupitia simu ya mzazi, na mtu mzima wa klabu asiwe na mazungumzo ya faragha na mtoto asiyemhusu.

Hatua ya 6: Zamu ya kujibu

Hapa ndipo jumuiya hufa au huishi.

Mwaka 1968, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio nchini Marekani. Mtu aliketi peke yake chumbani akizungumza na wengine kwa kipaza sauti, kisha akasikia mmoja wao akipatwa na kifafa. Waliodhani kwamba wao pekee ndio waliosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wakatili. Kila mmoja alidhani mwingine ameshainuka.

Kundi la watu sitini ni chumba hicho hicho. Swali linapotumwa, kila anayelijua jibu hudhani bingwa fulani atajibu, na bingwa naye yuko kazini. Ndiyo maana kuongeza wanachama peke yake hakuongezi majibu, na wakati mwingine huyapunguza.

Dawa yake ni kumpa mtu jukumu kwa jina. Kila wiki wanachama wawili wawe zamu, na zamu izunguke kwa wote wanaokubali. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba hakuna swali linalopita siku moja bila jibu. Hawahitaji kujua kila kitu. Asiyejua aandike: "Swali lako nimeliona, silijui jibu, nalipeleka kwa mwenye uzoefu." Kisha amwite huyo kwa jina: "Mama Asha, wewe uliwahi kurekebisha lenzi yenye ukungu, ulianzaje?" Mtu akiitwa kwa jina na kwa jambo analolijua, karibu kila mara huitika, tena kwa furaha, kwa sababu kuombwa ujuzi ni heshima.

Jibu lenyewe nalo lina adabu yake. "Tafuta kwenye intaneti" si jibu. "Hili lilishaulizwa" ni jibu kama tu linafuatana na kiungo cha pale lilipojibiwa. Anayeuliza naye afundishwe kurudi na kusema kama ushauri ulifanya kazi. Bila hilo, anayesoma swali hilo mwakani hatajua ni jibu lipi kati ya matano lililosaidia.

Kama mnafanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, fanyeni hili la zamu.

Hatua ya 7: Anzeni na watu kumi

Msifungue mlango kwa wote siku moja. Chagueni watu kumi, mchanganyiko wa mabingwa na wanaoanza, na mkae nao kwa wiki mbili. Kila mmoja alete swali moja analolitaka kweli, ajibu mawili, na aonyeshe kazi moja. Maswali yasiwe ya kuigiza. Watu hulihisi swali la kupangwa. Mwanachama wa kumi na moja akiingia, atakuta tayari kuna namna ya kuongea na kujibiwa, naye ataifuata bila kuelekezwa.

Baada ya hapo ingizeni watu watano watano. Historia inatufundisha kwa nini. Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, ulikuwa na desturi zake za mazungumzo. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia na kuzivuruga, na baada ya wiki chache wenyeji walikuwa wamewafundisha. Kuanzia 1993 makampuni ya intaneti yalianza kuleta watu wapya mwaka mzima, wengi kuliko wenyeji walivyoweza kuwapokea. Wenyeji wakauita wakati huo Septemba isiyokwisha.

Mpokeeni kila anayeingia kwa swali linalojibika. "Karibu sana" ishirini mfululizo hazimpi la kusema zaidi ya "asanteni". Afadhali mtu mmoja amwandikie: "Karibu. Tumesikia unatengeneza ndege za karatasi na boti za mbao. Hebu tuonyeshe unayoitengeneza sasa, hata kama haijakamilika." Kisha ndani ya wiki ya kwanza apewe kazi ndogo, kama kuandika majina ya waliokuja kwenye matembezi au kukusanya picha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mtandaoni nako jembe ndilo linalomfanya mtu ajione wa nyumbani.

Wengi watasoma bila kuandika, na hilo lisiwavunje moyo. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya mitandao, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndio hubeba karibu kila kitu. Klabu ambayo watu wake hukutana ana kwa ana inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini msimwaibishe aliye kimya. Huenda ndiye anayefuata kila ushauri mnaoutoa.

Hatua ya 8: Mapigo ya wiki

Chagueni siku mbili. Siku moja iwe ya swali la wiki, nyingine ya kuonyesha kazi. Zaidi ya hapo ni mzigo.

Swali la wiki liwe dogo na la mkono. "Mnaonaje upigaji picha wa usiku?" halijibiki. "Ukiwa na taa moja tu na unapiga picha ya mtu aliyeketi, ungeiweka upande gani?" litapata majibu kumi, na mawili yatagombana kwa faida ya wote.

Baada ya kila mkutano au matembezi, ripoti fupi yenye picha itumwe kabla ya siku moja kupita. Wale ambao hawakuja ndio wasomaji wake wakubwa, na wengi wao huamua hapo hapo kwamba mara ijayo hawatakosa.

Hatua ya 9: Mtunza kumbukumbu

Mteueni mtu mmoja ambaye mara moja kwa mwezi hupitia gumzo, hutoa majibu mazuri na kuyaweka katika waraka mmoja uliopangwa kwa mada. Atakuwa anafanya kile ambacho watu wa Usenet walikifanya walipochoka kujibu yale yale, wakaanza kukusanya maswali yaulizwayo mara kwa mara pamoja na majibu yake. Aandike jina la aliyejibu, kama mwenyewe ameridhia. Baada ya mwaka mtakuwa na kitabu cha klabu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine mbali. Kompyuta ya katibu pekee haitoshi.

Hatua ya 10: Ugomvi

Utatokea. Maandishi hayana sauti wala uso, na "sawa" fupi huonekana kama dharau. Mada ikichemka, admini aseme waziwazi kwamba anafunga uandishi hadi asubuhi, afunge, kisha awapigie simu wahusika wawili mmoja mmoja. Sauti humaliza kwa dakika kumi kile ambacho maandishi yangekivuta kwa wiki. Asubuhi aandike kwa ufupi kilichoamuliwa na sababu yake, maana waliobaki kimya nao walikuwa wakitazama kama kanuni zinafuatwa kwa wote.

Hatua ya 11: Pimeni kile chenye maana

Idadi ya wanachama wa kundi haiwaambii chochote. Kila mwezi hesabuni mambo matatu: maswali mangapi yaliulizwa, mangapi yalijibiwa ndani ya siku moja, na watu wangapi tofauti waliandika. Kama maswali kumi na mawili yaliulizwa na matatu hayakujibiwa, someni hayo matatu. Mara nyingi mtakuta yote ni ya wageni, au yote ni ya mada ambayo bingwa wake mmoja amekuwa mgonjwa, na mtajua la kufanya. Hesabuni pia waliohudhuria mikutano ya ana kwa ana. Wakipungua huku gumzo likinenepa, rudisheni baadhi ya mambo mezani: uchambuzi wa kina, maonyesho, kubadilishana vifaa.

Hatua ya 12: Wapeni maadmini mapumziko

Kazi hii huwachosha wanaoipenda zaidi. Kila mwaka abadilishwe angalau admini mmoja, na anayeondoka akae mwezi mmoja bega kwa bega na anayeingia, akimwachia nywila, orodha ya wanachama, ratiba ya zamu na maelezo ya migogoro iliyokwisha. Baada ya hapo azime arifa kabisa, apige picha zake au apande maua yake. Siku atakaporudi, hana haja ya kusoma maelfu ya ujumbe yaliyompita. Aulize tu ni swali gani bado halijapata jibu, aanzie hapo.